Siku Meza Yetu Ilipotokea Paani

Tulipomaliza kumzika Konsolata kule Kamukuywa, binti yake mkubwa alinivuta kando, mbali na sufuria za chai, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Nekesa, ile meza iliingiaje mle chumbani?" Alikuwa ametoka Kitale kuangalia vitu vya marehemu. Alikuwa ameipima meza, akaupima mlango, akarudi kuipima meza. Nilicheka. Kucheka matangani si vizuri, lakini kicheko kilitoka pamoja na machozi, kwa hiyo walioniona walidhani nalia tu. Sikuwasahihisha.

Konsolata hakuwa mtu wa kusimulia siku aliyoshindwa, ndiyo maana hata mtoto wake hakujua. Basi nitasimulia mimi. Nawaandikia pia ninyi vijana mnaopanga nyumba pamoja hapa Bungoma, mnaokuja kuniuliza, "Mama, wenzangu hawataki niondoke na tuliweka sahihi pamoja, nitatokaje?" Sina sheria kichwani. Nilisoma hadi darasa la saba, kisha nikafuma sweta za shule kwa mashine, kwanza Kitale, baadaye Bungoma, mpaka vidole vikakataa. Ninachojua nilikijua kwa mikono.

Konsolata ndiye aliyenifundisha kazi. Sweta yangu ya kwanza ilikuwa ya kijani, ya mtoto wa darasa la pili. Niliufurahia mwili, nikaifurahia mikono, nikaweka hata mistari ya manjano ukingoni. Mtoto akaja na mama yake kuijaribu. Kichwa kikaingia nusu, kikakataa. Tukavuta chini, kikakataa. Tukavuta juu, kikakataa pia, na sasa mtoto alikuwa analia mle ndani, tunasikia sauti tu. Konsolata akaja na mkasi bila kusema neno, akaikata shingo, akamtoa mtoto, akampa andazi. Kisha akanigeukia.

"Wewe, kabla hujafuma kitu, jua kichwa kitatokea wapi. Sweta bila shingo ni gunia."

Fundi mgeni huanza na mwili kwa sababu mwili ni rahisi. Ninyi nanyi mkipanga nyumba mnaanza na mwili. Nani atalala upande gani, nani ataleta meko, pazia liwe la rangi gani. Hakuna anayeuliza, mmoja wetu akitaka kutoka, atatokea wapi? Swali hilo lina aibu kidogo, kama kuuliza habari za talaka siku ya harusi. Ulizeni tu. Siku ya kwanza linajibiwa kwa kicheko. Mkilingoja mpaka mmekosana, linajibiwa kwa mlango kupigwa.

Sisi hatukuuliza. Chumba chetu kilikuwa Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi. Mbele tulifanyia kazi, nyuma tulilala, katikati pazia. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Balbir, singasinga aliyekuwa na duka la mabati na misumari palepale jirani. Tulitia sahihi watatu, Konsolata, mimi na Rispa wa Chwele, ambaye alikuwa mdogo wetu kwa umri. Mzee alitusomea agrimenti yote, halafu akaikunja akatueleza kwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi nataka jina tatu. Jina moja ikitoka, jina ingine iingie, na hii mbili iliyobaki iseme sawa. Bila sawa, hakuna kutoka."

Tukasema sawa. Tulikuwa tunaangalia dirisha. Lilikuwa dirisha kubwa, na mfumaji hupenda mwanga.

Wiki hiyohiyo tulimwita Barasa, seremala, atutengenezee meza ya kukatia na kupigia pasi. Konsolata alitaka meza ambayo sweta sita zitalala juu yake bila kugusana. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, kwa hiyo Barasa aliingiza mbao ndani akafanyia kazi humohumo. Ilikuwa meza nzuri. Miguu ilipenya ndani ya mbao za pembeni, ikashikwa na gundi, hakukuwa na hata msumari mmoja wa kung'oa. Alipomaliza alitaka kuitoa nje aipake vanishi. Hapo ndipo alipouona mlango.

Aliipaka vanishi mlemle, tukalala na harufu hiyo mpaka tukaumwa vichwa. Tangu siku hiyo mtaa ulimwita Barasa Mlango. Akienda kwa mtu kupima kitanda, lazima aulizwe, "Na mlango umeuona, fundi?" Naye alikuwa fundi mzuri kweli. Kosa lake lilikuwa moja tu, lakini ni kosa lililokuwa na miguu minne na kila mpita njia aliliona kupitia lile dirisha.

Kukaa watatu kuna mambo. Mimi nilikoroma, sikatai. Konsolata alihesabu mistari ya sweta kwa beti za nyimbo za kanisani, na ukimkatiza katikati ya ubeti, mkono mmoja wa sweta ungezidi mwingine. Rispa alikubaliana na kila mtu. Konsolata akisema dirisha lifungwe, Rispa anasema ndiyo, kuna baridi. Nikisema lifunguliwe, Rispa anasema ndiyo, hewa ni nzuri. Alilifunga na kulifungua mpaka kitasa kikakatika.

Tulikuwa tumepatana kwamba mtoto hatalala mle. Ilikuwa haki, nafasi haikuwepo. Lakini binti yangu Nekesa alikuwa Ndalu kwa mama yangu, na baba yake tulikuwa tumeshamzika. Nilimwona kila mwisho wa mwezi, na kila nikimwona alikuwa ameongezeka kidogo bila mimi. Sweta za watoto wote wa Kitale nilifuma kwa kupima. Za mtoto wangu nilifuma kwa kukisia. Shingo niliifanya pana, isije ikamkataa.

Basi mwaka mmoja, sweta za wanafunzi wapya zikiwa zimeanza kuagizwa, mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana nje ya mji wa Bungoma alikuja kuchukua mzigo wake. Akaisugua sweta moja kwenye kiwiko. Pale kwenye kiwiko mimi huunganisha nyuzi mbili, kwa sababu mwanafunzi huegemea dawati. Pia uzi wangu huupitisha kwenye kipande cha mshumaa kabla ya kufuma, usikatike wakati wa baridi. Hayo yachukueni bure. Akaniuliza kama ningekubali kwenda kukaa shuleni, nifume palepale na niwafundishe wasichana wake. Kulikuwa na nyumba ndogo ya mfanyakazi.

"Una watoto?" akaniuliza.

"Mmoja, mwalimu."

"Basi mlete."

Ila lazima niwe nimefika kabla ya shule kufunguliwa Januari. Kama sivyo, angemchukua mwingine.

Hapa sikilizeni vizuri. Nilimwambia Rispa kwanza, kwa sababu Rispa ni rahisi. Rispa akasema ni jambo zuri. Kisha akaenda nyuma ya pazia akamwambia Konsolata, na Konsolata aliposema ni jambo baya, Rispa akasema kweli ni baya. Nilipofika mimi, maneno yalikuwa yameshapoa na kushika harufu ya mtu mwingine. Mwenzako mgumu mwambie wa kwanza, na umwambie wewe mwenyewe, ameketi.

"Unaniacha msimu wa sweta?" Konsolata aliniuliza. Na lilikuwa swali la haki, Desemba ndiyo iliyotulisha mwaka mzima.

Nikamwambia nitaleta mtu wa kushika nafasi yangu.

"Lete nimwone," akasema.

Nikaleta. Wa kwanza alitoka Ndalu, mkono wake mwepesi kwenye mashine. Konsolata alimkataa kwa sababu anacheka sana. Wa pili alikuwa wa kanisa lingine, akaimba nyimbo nyingine, na Konsolata alisema zitamharibia hesabu. Wa tatu alikuwa Gladisi, mshona vifungo wa pale sokoni. Gladisi aliingia, akashika uzi wetu, akatuambia tumenunua vibaya, na Konsolata alipomjibu, Gladisi akamjibu tena. Walijibizana mpaka chai ikapoa.

"Huyu anabishana," Konsolata aliniambia Gladisi alipotoka. "Simtaki."

Kila mara Rispa alisema mtu huyo ni mzuri, na Konsolata akishasema lake, Rispa aliongeza, "Lakini kweli anacheka," au, "Kweli anabishana."

Watu walinishauri nifunge virago nitoke asubuhi moja, nimalize. Sikutaka. Jina langu lingebaki kwenye agrimenti na mimi sipo, Mzee Balbir angewabana wenzangu wawili, na fundi anayetoroka Kitale, habari yake hufika Bungoma kabla yake. Tena Konsolata alikuwa amenifundisha kazi. Mtu aliyekufundisha humtoroki kama mwizi wa kuku.

Desemba ikafika katikati. Asubuhi moja tulikuwa kwa Mama Chai, hapo nje ya chumba chetu, pamoja na wabeba magunia wa maghala na Barasa mwenyewe. Nikamwuliza Konsolata tena, mbele ya watu, kwa heshima. Alikunywa kidogo, akatazama kupitia mlango wetu.

"Unaiona hiyo meza?" akasema. "Siku itakapotoka mle ndani ikiwa nzima, haijakatwa, na mlango haujabomolewa, siku hiyo nitasema sawa. Na mashine yako nitaibeba mimi mwenyewe."

Wabeba magunia walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mwingine akamwita Barasa kwa lile jina lake. Barasa aliweka kikombe chini akaondoka, andazi lake likabaki limeumwa mara moja tu. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye mashine, na kila nilipoinua macho niliiona meza. Nilikuwa nimekatia kazi juu yake miaka yote hiyo. Sasa ilinikalia njiani kama ng'ombe aliyelala barabarani.

Siku chache baadaye Mzee Balbir alileta mafundi wa paa. Mabati yetu yalikuwa na kutu na yalitudondoshea maji juu ya sweta. Alikuwa ametuahidi kwamba mvua zikikatika atayabadilisha, na zilikuwa zimekatika. Konsolata alikuwa amepeleka sweta shule fulani. Mimi na Rispa tulibaki kufunika mashine.

Nilikuwa natandaza plastiki juu ya meza jua lilipoiangukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza jua kuigusa meza ile. Nikatazama juu. Mabati hayakuwepo. Mbao za paa zilizoliwa na mchwa nazo zilikuwa zimeteremshwa, mpya bado hazijapanda. Juu yetu ilibaki boriti moja nene tu, na anga tupu, na mwewe mmoja anazunguka. Nikasimama na ile plastiki mkononi. Niliyoyasikia ni maneno ya Konsolata, ya siku ya mtoto na sweta ya kijani.

"Rispa," nikasema, "nenda kamwite Barasa. Mwambie aje na kamba ya kupimia."

Rispa akasema ndiyo, na safari hii ndiyo yake ilinifaa.

Nilikwenda dukani kwa Mzee Balbir kuomba ruhusa, maana paa ni lake. Alitoka, akaangalia juu, akaangalia meza, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe nataka toa meza kwa juu? Kama moshi?"

"Ndiyo, Mzee."

Alisimama akishika ndevu. "Ngoja," akasema. "Mimi iko na kamba mzuri." Akaleta kamba nene ya katani na kapi la kupandishia mizigo, akawaambia mafundi wake wapumzike kwanza.

Barasa alifika amenuna, akidhani tunamchezea. Nilimwonyesha juu kwa kidole. Akapanda ngazi akapima nafasi ya paani. Akapima tena. Akateremka akaipima meza, akapanda akapima nafasi kwa mara ya tatu. Huyo alikuwa mtu aliyejifunza.

"Inapita," akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amekula.

Wabeba magunia walikuja wenyewe, hakuna aliyewaita. Kapi likafungwa kwenye boriti, tukaifunga meza kwa kamba, tukaisimamisha upande, wakaivuta. Iliondoka sakafuni ikining'inia polepole, na alama nne za miguu zikabaki kwenye simiti. Juu kabisa mguu mmoja ulinasa kwenye boriti. Wakavuta, boriti ikalia. Mzee Balbir akafumba macho.

"Msivute," nikawaambia. "Ifanyeni kama mnamvua mtoto sweta. Mkono mmoja kwanza, halafu mwingine."

Barasa akiwa ukutani aliinamisha upande wake, mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili, kisha meza nzima ikakaa juu ya ukuta wa Kitale, miguu yake ikiuelekea Mlima Elgon. Mtaa wote ulikuwa umesimama. Wanawake wa nyanya walikuwa wameacha nyanya zao. Waliiteremsha upande wa nje, taratibu, ikagusa ardhi bila mkwaruzo. Barasa akateremka akaketi juu yake. Kijana mmoja alifungua mdomo amwite lile jina, Mama Chai akamkatiza.

"Kuanzia leo ni Barasa Paa," akasema, na akaweka birika lake juu ya meza.

Hivyo ndivyo Konsolata alivyotukuta. Alikuja na magunia matupu yamekunjwa kwapani, akaona watu, akaona meza barabarani na vikombe juu yake. Aliizunguka. Akapitisha mkono chini, akapapasa mguu mmoja mmoja pale unapoungana.

"Haijakatwa," akasema.

"Haijakatwa, Dada."

"Mlango?"

"Uko vilevile."

Akainua macho akaliona paa letu lililo wazi. Halafu akaketi juu ya meza karibu na Barasa, akapiga ubao kwa kiganja mara moja.

"Niliyasema mbele ya watu," akasema. "Rispa, mwite Mzee. Nimesema sawa."

Watu walishangilia. Konsolata akanivuta niketi. Kisha akasema chini, sisi tu tusikie, "Unajua sikukukatalia kwa sababu ya sweta. Sweta nitafuma. Wewe ukienda nabaki na Rispa, na Rispa hajawahi kuniambia hapana. Mtu akikosa wa kumwambia hapana, si atafuma magunia?"

Rispa alikuwa ameshafika, amesimama mbele yetu. "Ndiyo, Dada," akasema.

Tulicheka. Nawaambia tulicheka mpaka birika la Mama Chai likatikisika. Nilipopata pumzi nikamwambia Konsolata amchukue Gladisi.

"Yule anabishana, bana."

"Atakuambia hapana kabla hujamaliza chai."

"Mlete," akasema.

Gladisi alipofika kutoka sokoni, Mzee Balbir alilikata jina langu, akaandika lake, tukaweka sahihi wote palepale juu ya meza. Ile pesa ya mwanzo niliyokuwa nimeweka kwa Mzee, Gladisi alinilipa mimi kiasi hichohicho, na ile iliyoko kwa Mzee ikawa yake. Fanyeni hivyohivyo, anayeingia amalizane na anayetoka, mwenye nyumba akishuhudia. Na someni mita ya stima siku hiyohiyo, wote mkiwa mmesimama pale, msije mkasalimiana kwa ubaya kwa sababu ya taa.

Ndipo Konsolata akatazama chumba chetu, kikubwa na kitupu, na zile alama nne sakafuni. "Na sisi tutakatia wapi?" akauliza.

Nilimwangalia Barasa. Nilikuwa namwomba jambo zito, airudishe ndani. Meza ilikuwa nje, aibu yake imekwisha, angeweza kutusaidia kuiuza siku hiyo akatutengenezea ndogo. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Sasa ikiingia inaingia ikijua njia," akasema. "Shikeni kamba."

Wabeba magunia walinung'unika mpaka Konsolata alipoagiza chai na mandazi ya wote. Jioni mabati mapya yalipigwa misumari, meza ikiwa ndani, miguu juu ya alama zake zilezile.

Konsolata aliibeba mashine yangu begani hadi kwenye pikapu ya kwenda Bungoma. Nilimwambia mzigo ni mzito, akaniambia ninyamaze, alisema mbele ya watu. Aliiweka chini ya turubai, akaifunga vizuri, kisha akanikumbusha habari ya mshumaa na uzi, kama vile nilikuwa nimeanza kazi jana.

Nekesa nami tulifika kabla ya shule kufunguliwa Januari. Asubuhi ya kwanza katika ile nyumba ndogo nilimkalisha mlangoni nikakipima kichwa chake kwa uzi. Nilimfumia sweta nyekundu, shingo ikiwa ya saizi yake kabisa. Aliivaa bila kuvuta. Nimefuma nyingi sana tangu hapo, na hakuna niliyoifurahia kama ile.

Gladisi na Konsolata walibishana miaka na miaka, na chumba kile kikawa na sweta bora kuliko za wakati wangu, nasema kweli. Hata baada ya Gladisi kufungua duka lake alikuwa akipita kila siku kubishana kidogo. Kamukuywa kwenye mazishi nilimsikia akibishana na waliochimba kaburi, kichwa kielekee upande gani. Alishinda. Kisha akaja akasimama karibu nami.

Basi, binti yake aliponiuliza meza iliingiaje, nilimweleza yote hayo palepale kando aliponivuta, na mwishoni nikamwuliza paa la kile chumba likoje sasa.

"Lina kutu, Mama. Linavuja. Mwenye nyumba amesema mvua zikikatika atabadilisha mabati."

"Barasa bado yuko," nikamwambia. "Wewe acha kuupima mlango."